Miezi Kumi na Tende Bwana Mkubwa

Naandika haya kwa yule aliyerudi leo kutoka kwa daktari wa wanyama, paka wake yumo kapuni, na neno "haponi" bado linamvuma masikioni. Nimekaa hapo ulipokaa. Mambo ya figo sitakueleza kwa sababu siyajui. Ninachokijua ni paka mmoja, wanawake wawili na mfuko wa maji uliotundikwa ukutani. Na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba tulicheka sana.

Paka mwenyewe alikuwa dume, miguu mirefu, masikio makubwa, rangi ya tende iliyoiva. Kwa hiyo mimi nikamwita Tende. Nyumba yetu iko Langoni, mjini Lamu. Mimi na mume wangu Athman twakaa chini, na juu anakaa dada yake mkubwa, Bi Mwanaidi, ambaye ni mjane. Yeye alimwita paka huyohuyo Bwana Mkubwa. Asubuhi alikula kwangu, adhuhuri akapanda ngazi akala kwa wifi yangu, na kila mmoja wetu akijua kwamba paka ni wake. Katika nyumba ile ni paka na Athman tu waliopita ngazi kwenda na kurudi. Mimi na wifi yangu tulikuwa hatusemezani mwaka wa nne ule.

Sababu ilikuwa harusi ya binti yangu, Salma. Bi Mwanaidi ni fundi wa hina. Mkono wake unajulikana hadi Pate na Siyu, na kumtia hina bibi harusi wa nyumbani kwake ilikuwa haki yake kama shangazi. Salma alitaka mapambo aliyoyaona kwenye simu, akamtaka mpambaji wa Mombasa. Hilo lingezungumzika. Kosa langu ni kwamba sikuwa na ujasiri wa kumwambia wifi yangu. Nilinyamaza. Yeye akaitwanga hina yake, akaichunga mara tatu, akateremka siku ya siku na bakuli lake mkononi, akamkuta mgeni amekwisha kaa na miguu ya Salma mapajani. Aligeuka na bakuli lake. Alipanda juu, na tangu siku hiyo salamu ikakatika.

Basi mwanzo wa kaskazi, joto lilipoanza, niliona Tende anakaa muda mrefu ukingoni mwa birika, lile hodhi la chooni tunaloteka maji ya kuoga. Alikuwa akinywa. Anakunywa, anapumzika, anakunywa tena. Nikasema ni joto. Halafu nikaona mgongo wake. Nilipompapasa nilihisi mifupa mmojammoja kama shanga za tasbihi. Manyoya yakawa makavu, yamesimama. Siku alipotapikia viatu vya Athman vya Ijumaa, nilijua hayo si ya joto.

Asubuhi yake nilimtia kapuni, nikamfunika kwa leso, nikatoka. Sijafika kona, nikasikia sauti kutoka dirisha la juu.

"Wewe! Waenda wapi na paka wangu?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya wifi yangu kwangu katika miaka minne.

"Kwa daktari," nikajibu. "Ni mgonjwa."

"Ningoje."

Akateremka huku akijifunga buibui lake. Tukaenda. Vichochoro vyetu ni vyembamba, watu wawili hawapiti sambamba wasipotaka kugusana mabega, na sisi hatukutaka. Mimi mbele na kapu, yeye nyuma. Kila kapu lilipolia aliniambia, "Usimtikise."

Kliniki ya wanyama haina chumba cha kungojea, ina baraza na benchi moja. Siku ile benchini palikuwa na bibi mwenye jogoo aliyevimba jicho, na bwana mwenye mbuzi. Punda wanne walikuwa wamesimama uani, mmoja amefungwa bendeji mguuni, ametulia kama aliyekwisha kuzoea hospitali. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya watu wawili waliobanana, na sisi tukabanana, kapu juu ya magoti yangu, mkono wa wifi yangu juu ya kapu. Mbuzi akanyoosha shingo, akaitafuna kadi tuliyopewa mlangoni. Tulipoitwa tulikuwa na nusu ya kadi.

Daktari alikuwa msichana wa bara, jina lake Njeri, mwenye sauti ya upole na viatu vya mvua. Alitaka kuandika kadi nyingine.

"Anaitwa nani?"

"Tende," nikasema.

"Bwana Mkubwa," akasema wifi yangu.

Daktari alitutazama, akaandika: Tende Bwana Mkubwa. Kwenye kliniki ile aliitwa hivyo hadi mwisho.

Akampima, akamtoa damu kidogo, akatuambia tungoje. Tuliporudishwa ndani alituketisha kwanza. Nikajua.

"Figo zake zimechoka, kina mama. Hii haiponi, siwezi kuwadanganya. Lakini anaweza kuishi poa kwa muda, mkimsaidia."

"Muda gani?" nikauliza.

"Labda ataiona Ramadhani. Zaidi ya hapo siwaahidi."

Wifi yangu aligeukia ukuta. Mimi nilitazama mikono yangu. Paka peke yake ndiye aliyekuwa na shughuli. Alikuwa anajaribu kupanda kwenye mizani tena.

Kisha daktari akatueleza kwamba atahitaji kutiwa maji chini ya ngozi, baina ya mabega, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Tungeweza kufanya nyumbani. Mmoja amshike, mmoja amdunge. "Mtu mmoja hawezi," akasema. "Ni lazima wawili. Nani kati yenu ana mkono mtulivu?"

Alileta chungwa na sindano ili tujaribu. Mimi nilishika kwanza. Mkono wangu ulitetemeka hata sindano ikateleza juu ya ganda. Nikaiweka chini, nikasikia sauti yangu ikisema, "Mpe wifi yangu. Hakuna mkono kama wake Lamu nzima."

Bi Mwanaidi hakunitazama. Aliichukua sindano kama anavyochukua kijiti cha hina, baina ya vidole viwili, akaipitisha gandani mara moja tu, sawasawa. Daktari akapiga makofi.

Hivyo ndivyo kazi ilivyogawanyika. Mimi nilikuwa mshikaji.

Mara ya kwanza nyumbani tulimtandikia leso juu ya meza, baada ya sala ya alasiri. Athman alitundika mfuko wa maji kwenye msumari wa saa ya ukutani, saa ikalazwa kitandani. Nilimshika Tende kama alivyotuonyesha daktari. Wifi yangu akavuta ngozi, akadunga, akafungua maji. Sindano ilipitiliza ikatokea upande wa pili, na maji yote yakamrukia Athman usoni.

"Naona mimi ndiye ninayetibiwa," akasema, maji yanamchuruzika ndevuni.

Nilicheka. Kisha nikasikia kicheko kingine, kile kikubwa cha wifi yangu ambacho nilikuwa nimekisahau. Paka akaturuka wote akaingia chini ya kitanda, na tukalala kifudifudi sakafuni sisi wawili, watu wazima, tukimbembeleza kwa majina mawili.

Mara ya pili iliingia vizuri. Maji hayasambai mara moja. Hukaa begani kama nundu, kisha hushuka polepole mguuni. Tende alitembea chumbani na nundu yake kwa hadhi kama ngamia mdogo, na Bi Mwanaidi akamwimbia nyimbo za kulaki bwana harusi.

Nikupe ninayoyajua. Pasha maji yale kwanza. Tia mfuko kwenye bakuli la maji ya moto hadi uwe vuguvugu kama mkono wako, kwani maji baridi humshtua. Usimfukuzie nyumba nzima. Mwache aje, muda uwe uleule kila mara, na baada yake apate kitu anachokipenda. Alama za siku tulitia kwenye kalenda kwa hina, sikuwa na haja ya kalamu. Na usiogope jirani. Wako walionipitia barazani wakasema, "Bi Fatma, paka atiwa dripu kama mbunge?" Nikawaambia ndiyo, na mbunge angekuwa na adabu kama yake ningemtia pia.

Chakula kilikuwa vita. Daktari alikataza ng'onda, ule samaki mkavu wa chumvi, na ng'onda ndiyo ilikuwa dini ya Tende. Tulimpikia kuku bila chumvi, tukamsaga, tukampa kwenye kisahani kizuri. Alikinusa, akakifukia kwa mkono wake, kama anavyofukia uchafu. Bi Mwanaidi akaja na ujanja wa kumpaka kidogo kwenye pua ili ajirambe. Siku ya tatu akajiramba, akafikiri, akala. Tulisimama juu yake tumeshikana mikono bila kujua kwamba tumeshikana.

Halafu katikati ya Rajabu akaanza kutapika upya. Alilegea, mdomo ukanuka vibaya, akakataa hata maji ya birika. Nilimtuhumu wifi yangu moyoni, naye alinituhumu waziwazi.

"Umempa ng'onda."

"Mimi? Wewe ndiye ulikuwa ukimlisha papa mzima huko juu!"

"Naapa sijampa kitu. Nimemwona na ndaa, aomba chakula, mato yamemtoka, na sikumpa!"

Tulifika mbali. Nusura harusi ya Salma itajwe. Athman alikuwa amekaa mlangoni na gazeti, na gazeti lilikuwa halitulii. Wifi yangu akanyamaza katikati ya neno. Akamwendea nduguye, akamtia mkono kwenye mfuko wa shati. Akatoa kipande cha ng'onda kimefungwa karatasi.

"Athman!"

"Aliniangalia," akasema mume wangu, mtu wa miaka sitini na mbili aliyewahi kuwa nahodha. "Kila asubuhi aniangalia. Mgonjwa wa kufa humnyimi anachokipenda. Mama nilimnyima sukari hadi siku yake ya mwisho, na mpaka yeo najuta."

Sikujua kwamba alikuwa akilibeba hilo. Dada yake alikaa chini karibu naye, akamshika goti, wakazungumza habari za mama yao, na mimi nikaenda kupika kahawa.

Kesho yake tulirudi kwenye benchi lile, safari hii sote watatu. Daktari alimtia maji ya mshipani, akamchoma sindano ya kuzuia kutapika, akamlaza kwake siku mbili. Athman aliungama mbele yake kama mtoto wa chuo cha Kurani. Daktari hakumkaripia. Alisema, "Wacha tufanye hivi. Mchemshieni samaki mbichi asiye na chumvi. Na Ijumaa, mzee, ng'onda ndogo kama ukucha. Akifurahi, hiyo pia ni dawa." Tangu hapo Tende aliijua Ijumaa kuliko imamu.

Ramadhani ikaingia, naye yupo. Usiku wa mwandamo Athman alimbeba juu ya paa amwonyeshe mwezi. Tulifunga mchana, tukamtia maji alasiri kabla ya futari, na mara nyingi wifi yangu akabaki chini kufuturu nasi. Mlango wa ngazi, ambao miaka minne ulikuwa ukifungwa nyuma ya paka na Athman, ulibaki wazi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuufunga.

Lazima nikwambie jambo kuhusu maji yale. Huchukua dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano. Mikono ya mshikaji haiko huru, ya mdungaji haiko huru. Hamwezi kushika simu, hamwezi kuondoka. Mmetazamana uso kwa uso na paka katikati. Siku moja ya masika, mvua inapiga juu ya makuti ya jirani, nilisema.

"Wifi. Nilikukosea harusi ya Salma."

Hakuinua macho. Alikuwa akitazama matone.

"Si kwamba yule wa Mombasa alikuwa bora," nikaendelea. "Salma alimtaka, nami niliogopa kukwambia. Nikakuacha uteremke na bakuli lako mbele za watu. Naliona bakuli lile kila siku. Nisamehe."

Matone. Tende alikuwa akikoroma kifuani kwangu.

"Miaka mine nangoja neno hilo," akasema wifi yangu, na sauti yake ilitetemeka lakini mkono haukutetemeka. "Miaka mine! Nawe umengoja hata niwe na sindano mkononi ndipo unambie?"

"Nilijua huwezi kuondoka."

Akacheka, akalia, vyote pamoja, na kwa kuwa mikono yetu haikuwa huru, machozi yetu yalitudondokea tu. Maji yalipokwisha alichomoa sindano, akasugua pale mahali kwa kidole, kisha akanivuta kichwa akanibusu kipaji cha uso. "Nimekusamehe tangu siku ya chungwa," akasema. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Jioni ile alimpigia Salma simu kwa video, akamkaripia dakika ishirini, kisha wakaanza kupanga hina ya Idi. Idi ilipofika Salma alikuja na mumewe, akakaa na miguu yake mapajani mwa shangazi yake saa tatu nzima.

Masika yakapita, kusi ikaanza kuvuma. Kila mwezi daktari alimpima akatikisa kichwa kwa mshangao. Lakini mwili ulikuwa unakwenda. Aliacha kupanda paani, tukawa tunambeba. Aliacha kujiramba, yeye aliyekuwa na majivuno ya usafi, na wifi yangu akawa anampangusa kila asubuhi kwa kitambaa cha vuguvugu, toka masikio hadi mkia. Alikosa sanduku lake la mchanga, akakojoa tulipo, nasi tukaosha. Alizidi kuwa mwepesi. Ila jicho lake lilikuwa zima, na alikuwa amepata tabia mpya, kumlalia Athman juu ya miguu wakati wa kusoma Kurani, na Athman akasoma kurasa nyingi kuliko alivyokusudia kwa kuogopa kumwamsha.

Watu waliniuliza kama haikuwa huzuni. Ilikuwapo. Lakini huzuni ilikuwa na siku zake chache, na siku nyingine zote zilikuwa za paka aliyeota jua na watu wanaosemezana.

Alifika hadi Maulidi. Mji ulijaa wageni, ngoma za matwari zikalia mtaani, naye alikaa dirishani kwa Bi Mwanaidi juu ya mto, akitazama kama aliyealikwa. Wiki iliyofuata aliacha kula. Ijumaa Athman alimletea ile ng'onda ya ukucha; aliinusa, akaweka kidevu chake mkononi mwa Athman, akaiacha. Daktari Njeri alikuja nyumbani mwenyewe. Alimpapasa kwa muda mrefu.

"Sindano sasa itakuwa ya kuwafariji nyinyi, si yeye," akasema. "Mwacheni apumzike. Hana maumivu makubwa. Nikiona anateseka nitawaambia."

Hakuteseka. Siku ya pili, jua la asubuhi lilipofika kwenye kidato cha tatu cha ngazi, wifi yangu alikaa pale akampakata. Mimi nilikaa kidato cha chini, mkono wangu tumboni mwake. Tulikuwa tukizungumza habari ya mchele wa biriani, jambo la upuuzi. Alinyoosha miguu yake yote minne, kama anavyojinyoosha paka aliyelala vizuri, akashusha pumzi, na haikurudi. Tuliendelea kukaa. Yalikuwa mauti mepesi, namwombea kila ninayempenda apate kama hayo.

Athman alimzika shambani kwake. Hakutaka msaada wa mtu.

Wewe unayesoma, siku ile alasiri itafika na hutakuwa na la kufanya. Mimi nilipasha maji ya bakuli kabla sijakumbuka. Nikasikia ndara ngazini. Wifi yangu alikuwa ameteremka, saa ileile, mikono mitupu. Tulitazamana. Akakaa kwenye kiti chake, nikakaa kwenye changu, tukanywa kahawa dakika kumi na tano. Kesho yake hivyohivyo. Hatujaacha hadi leo.

Wiki mbili zilizopita mlango ulibishwa alasiri hiyohiyo. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Kililana, mkulima, ambaye hatujapata kumwona. Amevuka kwa boti akiwa na boksi la kadibodi lililotobolewa matundu, na ndani yake paka mweupe aliyekonda. Macho ya mwanamke yalikuwa mekundu. Alisema daktari amemwelekeza huku, amemwambia kuna wamama wawili Langoni, mmoja anashika, mmoja anadunga.

"Ameniambia haponi," akasema mlangoni, akatunyooshea boksi.

Bi Mwanaidi alikwisha simama, anakunja mikono ya kanzu yake. Mimi nilipokea boksi.

"Nduo ndani, mwanangu," akamwambia. "Keti kwanza. Ana miaka mingapi? Nawe nyumbani waishi na nani, na je, mwasemezana?"